Soli ya Ndani ya Kiatu na Afya ya Mguu

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Mazungumzo haya yahusu kitu kidogo ambacho watu wengi hawakifikirii, nacho ni kile kipande kilazwacho ndani ya kiatu, ambacho wayo hukikanyaga tangu alfajiri hata usiku. Kipande hicho ndicho soli ya ndani. Mnunuzi wa viatu hutazama ngozi ya juu kama inang'aa, hukigeuza kiatu akatazama soli ya nje kama ni nene, huvuta nyuzi kama zimeshonwa barabara. Lakini mara chache hutia mkono ndani akauliza wayo utakanyaga nini. Ngozi ya juu ni kwa macho ya watu, na soli ya nje ni kwa ajili ya barabara. Soli ya ndani peke yake ndiyo iliyo kwa ajili ya mwenye mguu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiatu hali kadhalika.

Neno kuu la mazungumzo haya ni hili: soli ya ndani iliyo njema si ile iliyo laini kuliko zote, bali ni ile inywayo jasho mchana, kisha ikatolewa usiku ikakauka. Soli ya namna hiyo yaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa Kariokor au Gikomba, hata na mtu nyumbani mwake, kwa vitu vipatikanavyo humu nchini. Gharama yake ni ndogo, na faida yake yaweza kuwa mguu mzima.

MJI WA WATEMBEAO KWA MIGUU

Mitaa ya Mashariki ya Nairobi ilijengwa kwa ajili ya wafanya kazi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Umoja na Dandora zikafuata katika miaka ya 1970. Tangu mwanzo, wakazi wa mitaa hii walikwenda kazini kwa miguu au kwa baisikeli. Barabara ya Jogoo, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Doonholm Road, ilijulikana kwa umati wa watu waliokwenda mjini asubuhi na kurudi jioni. Leo kuna mabasi na matatu tele, lakini sehemu kubwa ya safari za Nairobi bado hufanywa kwa miguu. Nauli ikipanda, au mvua ikinyesha na magari yakasongamana, wengi huona heri kutembea hata Eneo la Viwanda.

Na ihesabiwe safari ya mtu mmoja. Akienda kilomita 5 asubuhi na kurudi kilomita 5 jioni, na hatua yake ikiwa sentimeta 70, basi kwa siku moja amepiga hatua zaidi ya 14,000, yaani 7,000 kwa kila mguu. Katika kila hatua uzito wote wa mwili wake huwa juu ya wayo mmoja, na kuzidi kidogo, kwa sababu mwili unashuka. Haba na haba hujaza kibaba. Na kama chini ya wayo kuna msumari uliochomoza kidogo, au mkunjo wa kitambaa, au mahali palipolowa, basi jambo hilo dogo hurudiwa mara 7,000 kabla ya jua kuchwa.

Tena yule afikaye kazini hapumzishi miguu. Mwenye kazi ya kiwandani husimama mbele ya mashine, askari wa lango husimama langoni, muuzaji wa mboga husimama kando ya meza yake, na mwalimu husimama mbele ya watoto. Na katika miezi ya mvua, Machi hata Mei na Oktoba hata Desemba, udongo mweusi wa upande huu wa mji hugeuka kuwa matope yanatayo, viatu vikalowa kwa nje huku jasho likivilowesha kwa ndani.

JASHO NA WAYO

Wayo wa mwanadamu si kama ngozi ya mahali pengine. Hauoti nywele, wala hauna vitundu vya kutoa mafuta. Lakini vitundu vya jasho vimejaa tele, kwa wingi ushindao karibu sehemu zote nyingine za mwili. Mtu aendaye peku, au kwa ndara, hausikii wingi wa jasho hilo, kwa kuwa upepo hulichukua mara litokapo. Bali mguu ukifungiwa ndani ya kiatu, jasho halina njia. Likipata kitu cha kulinywa, hunywewa. Lisipopata, hubaki palepale kati ya ngozi na kiatu.

Matokeo yake yaonekana kwa hatua tatu. Kwanza, ngozi iliyoloweka hulainika na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyefua nguo nyingi. Ngozi ya namna hiyo ikisuguliwa hutoka malengelenge upesi kuliko ngozi kavu. Pili, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho hula jasho na magamba ya ngozi, na katika kula kwao hutoa ile harufu iwaaibishayo watu wanapovua viatu mbele ya wageni. Jasho lenyewe jipya halinuki. Kinachonuka ni kazi ya vijidudu hivyo. Tatu, ukungu wa ngozi huota, hasa kati ya kidole kidogo na kile kilicho jirani yake, kwa sababu vidole hivyo hubanana sana. Ngozi huwa nyeupe, huwasha, hupasuka. Na mahali palipopasuka ndipo uchafu upitapo kuingia mwilini.

Kwa hiyo asiseme mtu kwamba habari ya soli ya ndani ni habari ya anasa. Mpasuko mdogo kati ya vidole waweza kuvimbisha mguu hata goti, na mtu wa kibarua asiyeweza kutembea hana mshahara wa siku ile. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

VIFAAVYO NA VISIVYOFAA

Tangu zamani wanadamu walijua kwamba kiatu kitupu hakitoshi. Mwaka 1991, mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita ulionekana katika barafu ya milima ya Alps, na viatu vyake vilikuwa vimejazwa majani makavu. Mwaka 2008, katika pango moja la nchi ya Armenia, kilionekana kiatu cha ngozi chenye umri wa miaka 5,500 hivi, nacho ndani yake kilikuwa na majani. Majani makavu hushika hewa, nayo hutupwa yakishalowa na mapya kutiwa. Siri ya soli njema ilijulikana tangu siku hizo.

Leo viatu vingi vya bei nafuu vina soli za ndani za sponji iliyofunikwa kwa kitambaa cha nailoni, au za ngozi ya bandia ambayo kwa kweli ni plastiki. Mnunuzi akibonyeza kwa kidole huona ulaini, hufurahi. Lakini kuna sponji za namna mbili. Katika namna ya kwanza, vyumba vyake vidogo vya hewa vimefungika kila kimoja peke yake; maji hayaingii wala hewa haipiti. Katika namna ya pili, vyumba vimefunguliana, hata hewa yaweza kupita. Njia ya kuzijua ni rahisi: mtu na aweke kipande cha sponji mdomoni apulize. Pumzi ikipita upande wa pili, sponji hiyo yafaa; isipopita, hiyo ni sawa na mpira.

Kuna na jaribio jingine, la tone la maji. Tone moja na lidondoshwe juu ya soli. Likisimama na kuviringika kama juu ya jani la yugwa, soli hiyo hainywi. Likizama na kuenea, soli hiyo itakunywa jasho pia.

Ngozi ya kweli hunywa. Iliyo bora kwa kazi hii ni ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama magome ya miwati, mti uliotoka Australia na kupandwa sana katika nyanda za juu za Kenya. Ngozi hiyo hunywa jasho, kisha hujifinyanga polepole kwa umbo la wayo wa mwenyewe. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromi ni laini zaidi, nayo pia hupitisha hewa, lakini haishiki umbo vizuri kama ile. Mtu awezaye kuitazama mahali ilipokatwa atazipambanua: ya magome ni ya hudhurungi tangu juu hata chini, na ya kromi mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu au samawati katikati. Lakini ngozi yoyote iliyopakwa rangi nzito ing'aayo kama plastiki imekwisha kuzibwa matundu yake, nayo haifai kuelekea wayo.

Kitambaa cha pamba hunywa upesi sana; kasoro yake ni kwamba hukaa na maji. Kwa hiyo hakifai kuwa peke yake, bali juu ya kitu kingine chenye nafasi za hewa. Blanketi la sufu lililochakaa lafaa sana, kwa maana sufu hunywa unyevu mwingi kabla ya mtu kusikia ubaridi. Nyuzi za mkonge zilizosukwa bapa hupitisha hewa, ila ni ngumu kwa wayo, hivyo hutakiwa kufunikwa.

Na kuna dodoki, tunda la mmea utambaao ambalo watu wengi hulitumia kwa kuogea. Likikauka, hubaki wavu wa nyuzi ngumu zilizopitana huku na huku, wenye nafasi tele za hewa. Huko Asia ya Mashariki limetumiwa kwa soli za ndani tangu zamani, na kabla ya Vita Kuu ya Pili nchi ya Japani ilikuwa ikiyauza madodoki kwa wingi katika nchi za ng'ambo. Mmea huu huota Afrika Mashariki pasipo taabu, hata kwenye ua wa nyumba.

Karatasi ngumu ya masanduku, ambayo wengi huikata na kuitia viatuni, yafaa kwa siku moja tu. Ikilowa hukatika vipande, na vipande hivyo hukunjamana chini ya wayo.

VIATU VYA MITUMBA

Wakazi wengi wa mji hununua viatu vya mitumba Gikomba, na viatu vingi vya humo ni imara. Hakuna aibu katika hilo. Lakini kiatu cha mtumba huja pamoja na alama ya mguu wa mwenyewe wa kwanza. Soli yake ya ndani imekwisha kubonyea pale alipokanyaga yeye. Kama alikuwa akikanyaga kwa upande wa nje, basi mnunuzi atalazimishwa naye kukanyaga kwa upande wa nje. Tena mbegu za ukungu wa ngozi huweza kukaa ndani ya kiatu muda mrefu baada ya mwenyewe kukivua.

Kwa hiyo anunuaye kiatu cha mtumba yafaa aitoe soli ya ndani ya zamani siku ileile, aipime kwa karatasi ili apate umbo la kiatu, kisha aitupe. Ndani ya kiatu na pafutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kiachwe wazi mahali penye upepo hata kikauke kabisa, ndipo kitiwe soli mpya.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Kazi huanza kwa karatasi mbili. Ya kwanza ni umbo la ndani la kiatu. Ya pili ni umbo la mguu: mtu asimame wima juu ya karatasi, uzito wake ukiwa juu ya miguu yote miwili, na mwingine azungushe kalamu ikiwa imesimama. Asipimwe akiwa ameketi, kwa maana mguu ukibeba uzito hutanuka. Ni afadhali apimwe jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Na miguu yote miwili ipimwe, kwani kwa watu wengi haiko sawasawa.

Kisha karatasi ya mguu iwekwe juu ya karatasi ya kiatu. Mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. Kama mguu umezidi karatasi ya kiatu kwa pande zote mbili, fundi mwaminifu atamwambia mwenye kiatu kwamba kiatu chenyewe ni kidogo, wala hakuna soli ya ndani itakayokiponya. Kumwongezea soli mtu wa namna hiyo ni kuiongezea mguu dhiki.

Kiatu kikiwa na nafasi, soli hufanywa kwa tabaka tatu. Ya juu, ielekeayo wayo, ni ngozi nyembamba ya magome au kitambaa kizito cha pamba, kama khaki au amerikani. Ya katikati ni dodoki lililobanwa, au blanketi la sufu. Ya chini ni turubai ya pamba au ngozi nyembamba. Unene wa tabaka zote pamoja usizidi milimita 4 au 5. Ukizidi, kisigino kitapanda juu na kutoka kiatuni kila hatua, na vidole vitabanwa kwa juu.

Dodoki hutayarishwa hivi. Huchaguliwa lililokomaa na kukauka, likaloweshwa majini hata ganda litoke, mbegu zikakung'utwa. Kisha hupasuliwa kwa urefu, likafunguliwa kama kitabu, na ule uti wa katikati ukaondolewa. Likiwa bado na unyevu, hulazwa kati ya mbao mbili na kuwekewa jiwe zito juu yake mpaka likauke. Litakapotolewa litakuwa bapa kama mkeka mwembamba, tayari kukatwa kwa mkasi.

Sasa ndipo panapokosewa na wengi. Fundi mwenye haraka hupaka gundi juu ya tabaka nzima na kuzigandamiza. Soli itakuwa imara, lakini gundi ikikauka hufanya ngozi ya plastiki katikati, na jasho halitapita tena. Amekwisha kununua vitu vipitishavyo hewa, kisha akaviziba kwa mkono wake mwenyewe. Gundi na itiwe kwa matone machache tu, ili tabaka zisiteleze wakati wa kushonwa. Kinachozishika ni uzi. Ashone kuzunguka ukingo wote, milimita 3 kutoka ukingoni, kisha apitishe mistari michache katikati, kama godoro lishonwavyo, ili dodoki lisitembee. Uzi wa upande wa juu uzame katika ngozi, wala fundo lolote lisiachwe mahali pa kukanyagwa. Ukingo wa ngozi uparuzwe kwa kisu hata uwe mwembamba, ili usikate mguu.

Vitundu vyaweza kutobolewa katika ngozi ya juu, hasa chini ya vidole na chini ya uvungu wa wayo. Mtu atembeapo, soli hubonyea na kuinuka, ikavuta hewa na kuitoa kama mivukuto ya mhunzi. Lakini yafaa ijulikane kwamba mivukuto haifanyi kazi kama hakuna njia ya hewa kuingia. Kiatu cha ngozi au cha turubai kina njia. Buti la mpira halina. Kwa avaaye mabuti ya mpira, vitundu havitaleta upepo wowote. Msaada wake ni soli inywayo sana, soksi kavu ya kubadilisha, na kuivua miguu wakati wa chakula cha mchana.

Avaaye viatu vya akala hana haja ya soli ya tabaka tatu, kwa kuwa mguu wake u wazi. Lakini mpira wa gurudumu hushika joto la jua na hauna unywaji wowote. Kipande kimoja cha ngozi kilichoshonwa juu yake humpunguzia joto hilo, na hata utelezi wakati wa jasho.

KAZI YA USIKU

Soli hata ikiwa njema namna gani hujaa jasho siku ikiisha, kama kitambaa kilichofuta meza. Ikiachwa ndani ya kiatu usiku kucha haikauki, kwa maana chini yake hapana upepo. Asubuhi mwenyewe huivaa ikiwa na unyevu, na kazi ya vijidudu huendelea palepale walipoishia jana. Ndiyo sababu soli ya ndani isigandishwe kiatuni. Iwe ya kutoka na kuingia.

Desturi yenyewe ni fupi. Mtu afikapo nyumbani avue viatu, atoe soli, azitundike kwenye kamba au aziegemeze ukutani, na viatu aviache wazi. Anayeweza na awe na jozi mbili, leo hii na kesho ile, ili kila jozi ipate siku nzima ya kukauka. Zile zenye kitambaa cha pamba zifuliwe kwa sabuni kila juma na kuanikwa juani. Zile za ngozi zifutwe tu na kukaushwa kivulini, kwa kuwa jua kali huzikakamaza. Kiatu kilicholowa mvua kijazwe magazeti yaliyokunjwakunjwa, yabadilishwe yakishalowa. Kisiwekwe kando ya jiko la makaa: nje kitaonekana kimekauka, kumbe ngozi imeungua na kesho itapasuka.

Miguu nayo ioshwe, na kukaushwa vizuri kati ya vidole. Soksi ziwe za pamba au sufu, na mpya kila siku. Soli njema juu ya mguu mchafu ni kazi bure.

MGUU USIOSIKIA

Kuna watu ambao kwao habari hii ni kubwa zaidi. Hao ni wagonjwa wa kisukari na wale waliougua ukoma. Magonjwa haya mawili huweza kuua hisia za miguu, mtu akawa na ganzi. Mtu mzima akikanyaga changarawe ndani ya kiatu husimama na kuitoa. Mwenye ganzi huendelea kutembea, hatua 7,000, na jioni aonapo damu katika soksi hashangai tu, bali hajui hata ilitoka wapi.

Zamani watu walidhani kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe. Daktari Paul Brand, aliyekwenda kufanya kazi katika hospitali ya Vellore, India, mwaka 1946, alikuwa mmoja wa walioonyesha kwamba sivyo. Vidonda vingi vya miguu vilitokana na kukanyaga mahali palepale mara nyingi bila kusikia maumivu. Kwa hiyo yeye na wenzake walitilia mkazo viatu pamoja na dawa, wakatumia soli za ndani za mpira laini wenye vyumba vidogo vya hewa, ili uzito usambae katika wayo wote badala ya kukaa mahali pamoja. Mafundisho hayo yakaenea katika nchi nyingi, na leo ndiyo msingi wa utunzaji wa miguu ya wagonjwa wa kisukari vilevile.

Hapa yafaa kusemwa wazi. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi au kidonda asitegemee soli iliyoshonwa nyumbani au sokoni. Aende hospitali, miguu yake ikaguliwe, na aelezwe aina ya kiatu kimfaacho. Na fundi aletewaye kiatu cha mtu kama huyo asitoboe vitundu chini ya mafundo ya vidole wala chini ya kisigino, wala asipitishe mshono mahali hapo, kwa maana hata ukingo wa tundu waweza kuanzisha kidonda. Mwenyewe naye awe na desturi mbili zisizogharimu kitu: kila asubuhi atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, na kila usiku atazame nyayo zake, kwa kioo au kwa macho ya mtu wa nyumbani.

NENO KWA MAFUNDI

Jina la Kariokor latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hata 1918, ambao walibeba mizigo ya jeshi kwa miguu katika Afrika Mashariki, na wengi mno hawakurudi. Leo mahali hapo pana soko lijulikanalo kwa makubadhi na mikoba ya ngozi na vikapu vya mkonge. Hapana mahali pafaapo zaidi kwa kazi hii. Vipande vya ngozi vibakiavyo baada ya kukata kubadhi, ambavyo ni vidogo kwa mkoba, vyatosha soli ya ndani. Msharasi, kisu, uzi wenye nta na mkono uliozoea vipo tayari. Kinachohitajika ni karatasi ya kupimia na subira ya kushona mahali pa gundi.

Fundi atakayeianza kazi hii asiuze ulaini, bali auze ukavu. Amwonyeshe mnunuzi tone la maji likizama. Amwonyeshe kwamba soli inatoka na kurudi bila kushikwa na gundi. Amuuzie jozi mbili kwa bei nafuu kuliko moja moja, na kumwambia kwa nini. Na atakapopimwa mtu ambaye kiatu chake ni kidogo, amwambie kweli, ijapokuwa atakosa fedha ya siku ile. Mtu huyo atarudi, naye atawaleta jirani zake.

Na kwa yule asiye fundi, ambaye kesho alfajiri atashika njia ya Jogoo au ya Outer Ring kwenda kazini, kazi ya kwanza haihitaji sindano wala dodoki. Usiku huu atoe zile soli alizo nazo, azitazame kwa taa, aone zimebonyea wapi na zimelowa kiasi gani, kisha azitundike. Mguu utakaoamka mkavu umekwisha kupata nusu ya dawa yake.